Mazungumzo ya Washington na Mbuzi wa Loresho

Musili alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Ukimsalimia kwa uchangamfu aliitikia vizuri, kisha akaenda zake akigeuka nyuma kuangalia ulikuwa unataka nini. Tusimlaumu upesi. Alikuwa amefanya ukarani mjini miaka mingi, na kazi ya mafaili ilimfundisha kwamba karatasi ikirudi haraka kuna mtu ana haja nayo, na ikichelewa kuna mwingine ana haja nayo zaidi. Alipostaafu na kubaki nyumbani kwake Kinoo, nyumba ya kupanga nyuma ya barabara ya Waiyaki, shuku yake ikakosa kazi ya kufanya. Basi akaipeleka kwenye historia.

Wala si historia ya Ukambani, au ya reli, ambayo wastaafu wenzake walipenda kubishania wakinywa chai. Yeye alichagua Amerika na Japani. Alitaka kuandika kitabu kueleza ilikuwaje nchi hizo mbili zikae Washington karibu mwaka mzima wa 1941 zikizungumza kiungwana, balozi akiingia na waziri akimkaribisha kiti, halafu mwisho wake yawe mabomu.

Majirani walicheka, kisha wakaacha kucheka wakaanza kunong'ona. Mzee anayebeba makaratasi kila siku, anayetoka ubalozi huu akiingia ule, na huu ni mwaka wa 2004, bomu la ubalozi wa Amerika bado liko kwenye masikio ya watu! Wengine wakakata shauri kwamba ni mpelelezi wa CID. Mama mboga wa pale kona akimwona anakuja alikata hadithi katikati na kuanza kusifu sukuma wiki. Musili aliyaona hayo yote na, tuseme ukweli, yalimfurahisha, maana mtu wa kushuku watu hupenda naye ashukiwe kidogo.

Lakini sababu yake haikuwa na siri yoyote. Wakati wa vita vikuu vya pili baba yake alichukuliwa jeshini kutoka Machakos, akavalishwa kaptura ya KAR, jeshi la Mwingereza, akapelekwa mpaka misitu ya Burma kupigana na Wajapani. Alirudi na goti lisilokunjika. Musili akiwa mtoto alimwuliza, "Baba, Wajapani walikukosea nini?"

Mzee alifikiri sana. "Mimi? Hakuna. Walikosana na watu wengine huko."

"Walikosania nini?"

"Sikuambiwa."

Mzee akafa hajaambiwa. Jambo hilo lilimkaa Musili rohoni kama mwiba wa samaki: mtu kupewa bunduki, kuvushwa bahari, kurudi kiwete, na asiwepo hata mmoja wa kumwambia ugomvi ulianzia wapi. Alipopata nafasi aliamua ataujua yeye.

Alianzia kwa Odero, aliyetandaza vitabu vya mitumba kando ya Moi Avenue. Odero ndiye aliyemwuzia kitabu chake cha kwanza juu ya mambo hayo, kitabu kisicho na jalada, na tangu siku hiyo akawa anamwekea chochote chenye neno Tokyo, hata kiwe cha mapishi. Kutoka hapo Musili akahamia maktaba ya McMillan, na kutoka hapo akaanza kubisha milango ya mabalozi. Kwenye lango moja askari kijana alimpekua mfuko kwa mfuko.

"Mzee, unataka visa?"

"Sitaki visa. Nataka kujua kilichosemwa mwaka wa arobaini na moja."

"Na nani?"

"Nanyi."

Kijana yule, ambaye kwao ni Kakamega, alimtazama, akampekua upya.

Katika kusoma kwake Musili alipata alichokuwa akikitaka, kama wafanyavyo wasomaji wengi. Alisoma kwamba Wamarekani walikuwa wameuvunja msimbo wa Wajapani na walikuwa wakisoma barua za balozi hata kabla balozi hajaja kuketi. Alisoma kwamba Wajapani nao waliendelea kuongea hali manowari zao ziko baharini. Aha! Akapiga meza mpaka Kanyiva, mke wake, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unaona? Wote waongo. Mdomo unasema amani, mkono uko chini ya meza."

"Wote?" Kanyiva akauliza. "Hata mmoja hakuwa anasema ukweli?"

"Hata mmoja."

"Haya. Chakula kiko tayari." Na akarudi jikoni, kwa sababu alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka mingi na alijua wapi pa kuachia.

Hata hivyo kitabu kilikwama. Kila sura ilikwenda mpaka ikafika ile wiki ya mwisho ya Novemba, pale Wamarekani walipotoa karatasi ya masharti. Wao wenyewe waliiandika juu kwamba ni mapendekezo tu, na Wajapani wakaisoma kama mlango uliofungwa kwa komeo. Musili hakuweza kuieleza wiki hiyo. Kama wote ni waongo na wote wanajuana kwamba ni waongo, kwa nini karatasi moja iwashtue? Akaandika, akachana, akaandika tena.

Ndipo Kaindi, mwanawe wa pekee, alipokuja na habari zake. Alikuwa amempata msichana, mwalimu, jina lake Njambi, na alitaka wazee waende kwao kumposa.

"Wa wapi?"

"Loresho. Babake ni Mzee Kuria, yule wa mbuzi."

Musili alimjua Kuria kwa sifa. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyeanza na mbuzi wa kuazima kwenye soko la Dagoretti, na leo ana nyumba ya ghorofa Loresho yenye lango la chuma na maua ya kupogolewa. Swali la kwanza la Musili lilikuwa moja tu. Mtu kama huyo atampa mwana wa karani binti yake kwa nini?

"Kwa sababu tunapendana, Baba," Kaindi akasema.

"Nimeuliza juu ya Kuria, sikuuliza juu yako."

Desturi ya Kikamba katika jambo hili haina mzunguko. Kwanza hupelekwa mbuzi watatu wa ntheo, walio hai, wenye miguu yao. Mahari mengine yanaweza kungoja hata miaka, lakini hao watatu ndio ndoa yenyewe. Wakipokelewa kwa wazazi wa msichana, amekuwa mke. Wakirudishwa hata mmoja, hakuna maneno zaidi; chukueni kofia zenu mwende.

Kaindi alishauri wanunue mbuzi hapo hapo Dagoretti. Ni karibu, wako wazuri, na siku ya safari wangefika hawajachoka. Musili akakataa katakata. Dagoretti ni shamba la Kuria! Kila mchuuzi pale ni mtu wake. Kabla hawajafunga kamba Kuria angeshajua wamechagua wepi na wamelalamikia wepi. Hapana. Mbuzi watatoka Machakos, wa nyumbani, asiowajua mtu. Wakaletwa kwa lori la watu wengine, wamebanana na mbuzi wasiowajua, baridi ya Julai ikiwapiga njia nzima. Mmoja wao, yule wa madoa ya kahawia, aliteremka akiwa mnyonge kidogo. Musili akasema ni uchovu.

Jambo la pili alilokataa ni msemaji. Kwa kawaida baba wa kijana hakai mbele siku hiyo. Huwa na ndugu wa kumsemea, na ndugu alikuwepo, Kilonzo, mtu mpole anayependa kuchekesha wazee. Musili akasema atasema mwenyewe. "Nimesoma mazungumzo miaka yote hii. Nani mwingine anayajua?" Kilonzo akainua mabega, akakubali kuwa mbeba kofia.

Loresho walipokelewa kwa nyimbo. Wanawake waliwafungia lango, wakaimba, wakawatoza cha kufungulia, wakacheka, wakafungua. Mbuzi wakapelekwa nyuma ya nyumba. Musili, badala ya kukaa palipotengwa kwa ajili ya msemaji, katikati ya wazee, alichagua kiti cha dirishani. Aliwaambia ni kwa ajili ya hewa. Kuria mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alitoka kidogo kuangalia mambo ya nyuma, akarudi, akaketi bila kusema lolote, kwa kuwa upande wake nao kulikuwa na msemaji. Msemaji huyo alisimama akaanza kueleza jinsi nyumba hiyo ilivyofurahi, na jinsi Njambi asivyokuwa wa kuuzwa bali wa kuunganisha watu, na maneno mengine mazuri ya namna hiyo.

Musili alikuwa anayasikiliza kwa sikio moja, akitafuta yaliyofichwa ndani yake, alipoona kitu dirishani. Mchunga mifugo wa Kuria alikuwa akimtoa mbuzi kwenye lango. Alikuwa yule wa madoa ya kahawia. Alimvuta kwa kamba upesi upesi, akitazama nyuma kama mtu asiyetaka kuonekana, akatokomea naye barabarani.

Moyo wa Musili ulipiga kwa nguvu, kisha ukapoa. Kumbe! Ndani wanaimbiwa karibu, nje ntheo inarudishwa. Alimwangalia Kuria. Kuria alikwepesha macho. Hakuhitaji ushahidi mwingine. Mwenye macho haambiwi tazama. Na tuseme pia kilichokuwa chini ya hasira yake, ingawa asingekikiri: alifurahi. Alikuwa amejua tangu mwanzo, na sasa amejua kwamba alijua.

Akasimama katikati ya hotuba. "Tumeelewa," akasema. "Asanteni. Kilonzo, kofia."

Harufu ya nyama ilikuwa imeshafika sebuleni, wanawake walikuwa wanapanga sahani. Msemaji wa Kuria alibaki mkono hewani. Kaindi alimshika babaye mkono, akamnong'oneza kwamba bado hawajala, na kutoka nyumba ya Mkikuyu siku ya uposo bila kuonja chakula chake ni kuitemea mate. Musili akautoa mkono wake. Wakatoka wote nyuma yake, Kanyiva wa mwisho, akiomba radhi kutoka mlangoni hadi langoni kwa kosa asilolijua.

Musili alieleza sababu walipokuwa wameshafika nyumbani. Kaindi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, uliuliza?"

"Kuuliza nini?"

"Huyo mbuzi anapelekwa wapi."

"Mtu haulizi kitu alichokiona."

"Kuuliza si ujinga," Kanyiva akasema, na sauti yake haikuwa ya jikoni.

Kaindi akaondoka na begi lake siku hiyo hiyo, akaenda kukaa kwa Kilonzo. Njambi hakupokea simu zake. Wazee wa Loresho, ikasikika, walikuwa wakisema Wakamba walikuja kuwadharau, kwamba waliangalia nyumba wakaona haiwatoshi.

Musili akakaa kuandika. Wiki ile ya Novemba iliyomshinda sasa ilimtoka kama maji ya mfereji. Aliandika juu ya tabasamu za mabalozi na sumu iliyo ndani yake. Aliandika kwa hasira tamu, kurasa juu ya kurasa, mpaka akafika mahali alipohitaji kueleza Wajapani walifanya nini baada ya kupokea ile karatasi. Akapekua vitabu vyake. Alichokuwa anatafuta kilikuwa kidogo tu: mahali ambapo mtu mmoja wa upande mmoja alimwendea mwenzake faragha, akafunga mlango, akamwambia, kaka, hapa una maana gani hasa? Akapekua kile kisicho na jalada, akapekua vingine. Katika vile alivyokuwa navyo hakuona. Alichoona ni watu wenye akili nyingi wakiambiana kwamba maana inajulikana.

Akaiweka kalamu. Lile swali la Kaindi lilikuwa limekaa mezani tangu siku ile na halikutaka kuondoka. Alijiambia kwamba mwanahistoria hategemei dirisha, huenda kwenye chanzo. Alijiambia anakwenda kutafuta ushahidi wa kummaliza Kuria. Akavaa koti akaenda Dagoretti.

Alimkuta Kuria upande wa mbuzi, amevaa gambuti na koti jeupe, anamfungua mnyama mdomo kuangalia meno. Kuria alimwona, akamwacha mnyama, akajipangusa mikono polepole.

"Musili. Wewe ni mtu wa aina gani? Unatoka kwangu bila kukula!"

"Na wewe ni wa aina gani? Unanirudishia ntheo kwa mlango wa nyuma huku mdomo unaniimbia!"

"Nikurudishie nini?"

"Mbuzi yangu! Ile ya madoa. Niliona ikitolewa."

Uso wa Kuria ukalegea, kwa huzuni badala ya kicheko, na hilo lilimwogopesha Musili kuliko matusi.

"Mbuzi yako ilikuwa na homa ya mapafu," akasema. "Nilisikia pumzi yake nikiwa mlangoni, sikuhitaji hata kuishika. Wazee wangu walikuwa wataichinja hiyo ya kwanza. Sasa wakipasua kifua wapate mapafu imeoza, siku ya ndoa, mbele ya watu wote? Si wangesema hii ndoa ni mgonjwa? Si wangesema Wakamba wameleta laana? Nikamwambia kijana aitoe haraka, alete yangu aifunge pale. Tatu ni tatu. Nilisema hakuna mtu atajua."

"Ungeniambia."

"Nikuite mbele ya wazee nikwambie mbuzi ya Musili inakohoa? Nilikuwa nakufichia aibu, mzee. Kwetu mbuzi kutoka si kitu, bora hesabu iwe sawa. Sikujua kwenu ikitoka moja ni hapana. Hakuna mtu aliniambia."

"Iko wapi sasa?"

"Ilikufa. Nikaizika. Sikuiuza."

Musili alisimama katikati ya kelele za soko, watu wakimpita kulia na kushoto. Alikumbuka lile lori la Machakos na ni nani aliyelitaka. Kama angenunua mbuzi hapa aliposimama, pasingekuwa na kikohozi cha kuficha. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alitaka kusema jambo zito, lililopangwa vizuri, kama wale wa kwenye vitabu vyake, na likakataa kutoka.

"Nimekosa," akasema.

"Hata mimi. Ningekunong'oneza." Kuria akavuta pumzi. "Lakini sasa nitawaambia nini wazee? Nikisema ni mbuzi, watauliza kwa nini niliwabadilishia mnyama bila wao kujua. Wacha niongee nao pole pole. Njambi analia kila siku, na mimi sitaki mtoto wangu alie kwa sababu ya kifua ya mbuzi."

Kuria aliongea nao. Haikuwa kazi ya siku moja, na yalikuwepo maneno makali, lakini mwisho wakakubali wageni warudi. Kaindi ndiye aliyekuja Kinoo kuleta habari. Hakuketi. Musili alikuwa tayari ameshamwambia Kanyiva ampigie pasi suti.

"Baba mdogo Kilonzo ndiye atasema," Kaindi akaanza.

"Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi nitakaa nyuma."

"Baba, wewe hutaenda."

Musili alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeyatarajia. "Wana haki. Nimewaudhi wazee wa watu. Ni Kuria amesema hivyo, au ni yule msemaji wao?"

"Hakuna aliyesema. Mzee Kuria ameniuliza mara mbili kama utakuja, anataka ukae karibu naye." Kaindi alimtazama babaye usoni. "Ni mimi. Mimi ndiye sitaki. Nampenda huyu msichana, Baba, na wewe utakaa pale uanze kuangalia madirisha."

Kanyiva, aliyekuwa amesimama na suti mkononi, aliirudisha kabatini bila kumwangalia mtu.

Siku yenyewe wakaondoka wote, pamoja na mbuzi watatu walionunuliwa Dagoretti, wanene, wenye kelele. Nyumba ikabaki kimya. Musili akaketi mezani, akazichana kurasa zote za ile hasira tamu, akaanza sura upya. Safari hii ilikwenda taratibu na ilimwuma kila mstari. Aliandika kwamba katika chumba kile cha Washington huenda walikuwemo watu waliotaka amani kweli, na kwamba kila mmoja aliuogopa ujinga wa kuuliza kuliko alivyoviogopa vita. Aliandika kwamba barua za kuibwa zilimwonyesha msomaji wake mambo mengi na hazikumfundisha kumjua mwenzake. Aliandika jina la baba yake na la msitu alikoachia goti lake. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile aliona kazi inasonga kwenye njia ya kweli, na akajisikia amepona.

Simu ikalia. Ilikuwa Kanyiva, na nyuma yake kulikuwa na vigelegele na vicheko, na sauti nene ya Kuria ikiita mtu aongezewe supu.

"Wamekubali," akasema, na alikuwa analia. "Wamepokea wote watatu. Baba Kaindi, tumepata mtoto."

Furaha ilimjaa Musili kifuani hata akashindwa kukaa. Alifungua mdomo aseme asante Mungu, aseme mpe Njambi simu nimbariki.

"Alisemaje hasa?" akauliza. "Huyo Kuria. Alikuangalia machoni alipokuwa anasema?"

Kule Loresho vigelegele viliendelea. Musili alimsikia Kanyiva akivuta pumzi, kisha akamsikia akiipeleka simu mbali na mdomo na kumwambia Kaindi, kwa sauti ya upole, kwamba baba yake anawasalimu na amefurahi sana. Simu ikakatika.